Vocha umenunua wewe, ruta inaitambua simu

Malalamiko ninayoitiwa mara nyingi kwenye lodge za Kigoma mjini ni haya: mgeni kanunua vocha ya waifai ya saa 24, kaitumia jioni, asubuhi ukurasa wa kuweka namba ya vocha unamrudia kana kwamba hajalipa hata senti. Anashuka mapokezi amefura. Dada wa mapokezi anamjibu, "Labda imeisha, kaka." Mgeni anaondoka akiamini ameliwa hela. Mara nyingi hakuna aliyemwibia mwenzake. Simu imebadilisha anwani, ruta (kifaa kinachogawa intaneti ya hoteli) haiitambui tena.

Anwani yenyewe inaitwa MAC. Ni ya biti 48, na huandikwa kwa jozi sita za tarakimu na herufi, mfano E6:3B:91:0A:7C:5D. Kwa utaratibu wa asili, nusu ya kwanza hutolewa na IEEE, shirika la kimataifa la viwango vya teknolojia, kwa kampuni inayotengeneza kifaa, na nusu ya pili kampuni hujipangia yenyewe. Kila pakiti, yaani kipande cha data, ambayo simu inarusha kwenye waifai huibeba. Kwa hiyo ruta inaiona kabla hujaandika chochote, na ndiyo maana imefanywa kitambulisho cha mgeni. Haitoki nje ya mtandao wa hoteli, kwa hiyo tovuti unayoisoma haiioni.

Chukua mgeni aliyetoka Gombe, kashuka boti Kibirizi, kaingia chumbani na kubonyeza jina la mtandao wa hoteli. Hakuna nenosiri. Ruta inampa papo hapo anwani ya IP, namba ya muda ya kupokelea data, alama ya waifai inatokea juu ya kioo, naye anadhani mambo tayari. Bado. MAC yake ingali upande wa wasiolipa. Kimyakimya simu hupima kama kuna intaneti: Android huomba ukurasa mdogo wa Google ambao jibu lake sahihi ni tupu, lenye namba 204, iPhone huuliza captive.apple.com. Ruta hulidaka ombi hilo na kurudisha ukurasa wa vocha. Simu ikiona jibu silo, inajua kuna geti, inakufungulia kidirisha. (Kisipofunguka, andika kwenye kivinjari anwani inayoanza na http isiyo na s. Za https ruta haiwezi kuzigeuza bila kivinjari kukupigia kelele za usalama.)

Akishaweka namba ya vocha, ruta huandika mstari mmoja kwenye jedwali lake: vocha fulani, MAC fulani, IP fulani, muda uliobaki. Kuanzia hapo pakiti zenye MAC hiyo zinapita bila kuulizwa. Kilichofunguliwa geti ni MAC, wala si mgeni mwenyewe.

Mpango huu ulikwenda vizuri miaka mingi kwa kuwa MAC ilikuwa haibadiliki. Lakini kutobadilika huko kulimwezesha yeyote mwenye vifaa vya waifai kujua simu yako imepita wapi na lini, na watengenezaji wakaamua kuificha. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 (mfumo wa iPhone) ya 2020, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila jina la mtandao. Ya kutungwa utaijua kwa alama ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Tazama mfano wangu hapo juu. iOS 18 ya 2024 ikaongeza hali ya kuizungusha, yaani kuibadilisha kwa nyingine, kila baada ya wiki mbili hivi, na kwa mitandao isiyo na nenosiri hiyo ndiyo hali inayoanza nayo. Yaani hasa mitandao ya hoteli.

Hapo kwenye "kila jina la mtandao" ndipo hela za wageni zinapopotelea. Lodge moja ilikuwa na jina la waifai la vyumbani na jingine la bustani ya kando ya ziwa. Mgeni analipia chumbani, anashuka bustanini kula mgebuka, simu inashika jina la pili kwa MAC nyingine, na ruta ileile inaona mtu mpya kabisa. Anaweka vocha yake, inakataliwa: vocha ni ya kifaa kimoja, na kile "kifaa" cha chumbani bado kinahesabika kiko hewani. Dada anamuuzia nyingine. Nilifuta jina la bustani, jengo zima likabaki na jina moja, na ugomvi wa bustanini ukaisha.

Programu nyingi za kuchapa vocha zina pia kitufe cha kuifunga vocha kwenye MAC ya kwanza kuitumia. Wenye hoteli wanakipenda sana. Mimi nakizima. Naruhusu vifaa viwili kwa wakati mmoja, maana mtu ana simu na laptopu, na kifaa kilichokaa kimya dakika chache ruta inakitoa yenyewe. Kumwambia mgeni azime ulinzi wa simu yake ili hoteli isisumbuke naona ni kukosa adabu. Mwenye iPhone anayekaa siku nyingi anaweza kuchagua anwani ya faragha isiyozungushwa kwa mtandao huo mmoja, inatosha.

Wenye hoteli huniuliza, "Sasa fundi, si watatuibia?" Wanaweza. MAC husikika hewani hata mtandao ukiwa na nenosiri, kwa sababu usimbaji hufunika yaliyomo na kuiacha anwani wazi, na mwenye ujuzi kidogo anaweza kujivika ya aliyelipa. Tena laptopu ikigawia familia nzima waifai, ruta inaona MAC moja tu. Kwa vocha ya shilingi elfu moja sikeshi. Ila kamera na kompyuta za ofisi zisilindwe kwa orodha ya MAC peke yake: zipe mtandao wake na nenosiri lake.

Orodha hiyo naitumia kwa TV za vyumbani, ambazo ni tabu kuziandikia vocha kwa rimoti. Nasoma MAC kwenye mipangilio ya TV, naiingiza kwenye ruta ipite bila kuulizwa. TV ikiuzwa au ikiharibika, MAC yake ifutwe siku hiyohiyo.