Naitroksi na uchovu wa baada ya kuzamia

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi naulizwa boti ikiwa njiani kurudi kutoka kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, watu wameegemea mitungi, chumvi imeshaanza kukauka usoni: "Mwalimu, ni kweli ukivuta naitroksi huchoki?"

Naitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni. Hewa tunayovuta hapa juu ina oksijeni asilimia 21, na sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni. Mtungi wa naitroksi unaotumika sana kwetu una oksijeni asilimia 32, mwingine 36. Oksijeni ikipanda, nitrojeni inashuka, na mwili unanyonya nitrojeni pungufu ukiwa chini. Hilo halina ubishi. Kwamba kwa sababu hiyo utapanda botini ukiwa mwepesi kuliko mwenzako ni dai jingine kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuliamini, mpaka siku moja lilipotokea jambo mbele ya macho yangu.

Nilikuwa na mgeni kutoka Dar, mzamiaji mzoefu, mwenye cheti cha naitroksi. Mbizi ya kwanza tulifika mita 22. Alipanda ngazi bila kushikwa mkono, akavua mapezi, akala vipande vitatu vya tikiti huku akipiga soga na nahodha. "Hii ndiyo raha ya naitroksi," akawaambia wenzake. "Ningevuta hewa, saa hizi ningekuwa nimeshalala." Wakati huo kijana wetu alikuwa anabadilisha regulata, kifaa cha kuvutia gesi ya mtungini, kwa ajili ya mbizi ya pili. Akautazama ule mtungi aliotoka nao mgeni, akatazama namba yake, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hebu njoo utazame huu."

Nikachukua mashine ya kupimia oksijeni, nikafungua valvu kidogo, gesi ikatoka polepole. Tarakimu zikachezacheza, kisha zikatulia: 20.9. Hewa tupu.

Utepe ulioandikwa 32, yaani asilimia ya oksijeni, ulikuwa wa jana yake. Mtungi ulijazwa hewa usiku, utepe haukubanduliwa, naye mgeni asubuhi akaisoma ile 32, akaiandika kwenye daftari, akaiingiza bila kupima kwenye kompyuta yake ya kuzamia, ile inayohesabu nitrojeni inayoingia mwilini na kukwambia ukae chini muda gani. Na mimi niliyekuwa kiongozi wa boti nilimwacha aingie majini bila kumwona akipima. Kosa hilo ni langu na niliandika hivyo daftarini.

Ubaya wake hauko kwenye fedha alizolipia gesi asiyoipata. Uko kwenye kompyuta. Chukua kina, ongeza 10, zidisha kwa 0.68 ambayo ni nitrojeni ya mtungi wa 32, gawanya kwa 0.79, kisha toa 10. Kwa mita 22 unapata mita 17 na nusu. Kompyuta yake ilikuwa inahesabu nitrojeni ya mtu aliye mita 17 na nusu, na mwili wake uko mita 22 na hewa ya kawaida. Nitrojeni ikizidi inaweza kugeuka mapovu mwilini. Mbizi ya pili nikamzuia. Nikamkalisha kivulini, akanywa maji, mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza nikausogeza karibu, tukamwangalia hadi kesho yake. Alhamdulillahi, hakupatwa na kitu. Ila yale maneno yake yalinikaa kichwani. Wepesi aliusikia kwelikweli, hakuwa anadanganya, na naitroksi hakuivuta hata pumzi moja.

Naitroksi haikuletwa kwa ajili ya uchovu. Miaka ya 1970 Morgan Wells alikuwa akisimamia uzamiaji wa NOAA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na anga, na watafiti wake walihitaji muda mrefu zaidi wa kufanya kazi chini. Taratibu za mchanganyiko wa asilimia 32 zikaingia kwenye mwongozo wao wa kuzamia wa mwaka 1979. Dick Rutkowski, aliyewahi kufanya kazi hukohuko NOAA, ndiye aliyeanza kuwafundisha wazamiaji wa kawaida mwaka 1985. Kwenye majedwali ya zamani ya NOAA, mita 18 kwa hewa zilikupa dakika 60 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwa asilimia 32 zilifika dakika 100.

Hapo kwenye dakika 100 ndipo watu wengi wanapopotea. Ukivuta naitroksi, ukaiambia kompyuta kuwa ni naitroksi, kisha ukakaa chini mpaka kompyuta iseme basi, nafuu ya nitrojeni umeitumia yote kununua muda. Unapanda na mzigo unaokaribiana na wa yule aliyezamia kwa hewa akaondoka mapema, na juu yake umeongeza dakika za kupiga mapezi na kupoteza joto. Halafu unategemea uwe mwepesi kuliko yeye! Nafuu inabaki mwilini kwa yule tu anayevuta naitroksi na kuzamia kwa muda wa hewa.

Sasa, hata huyo uchovu wake unapungua kweli? Mwaka 2003 watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha jaribio ninalolipenda kwa jinsi lilivyopangwa. Wazamiaji 11 waliingia kwenye chumba kikavu cha mgandamizo, wakashushwa sawa na mita 18 kwa dakika 40, wakafanya mazoezi humo ndani. Siku moja walivuta hewa, siku nyingine naitroksi ya asilimia 36, bila kuambiwa ipi ni ipi. Kabla na baada waliulizwa maswali ya uchovu na kupimwa umakini. Tofauti haikuonekana. Mwaka 2010 watafiti wa Ubelgiji wakaja na matokeo tofauti: kati ya wazamiaji zaidi ya 200, waliovuta hewa walijisikia wamechoka kuliko waliovuta naitroksi, na kipimo cha macho cha kutambua taa inayomemeta kwa kasi, kinachotumika kupima uchangamfu wa ubongo, kilishuka kwao.

Nimezisoma zote mbili mara kadhaa. Ile ya Adelaide ina nguvu kwa sababu mtu hakujua anavuta nini, na tikiti la mgeni wangu limenifundisha kujua kunavyoweza kumdanganya mtu. Udhaifu wake ni kwamba chumbani hakuna mkondo wala mawimbi, na mbizi moja ya dakika 40 si sawa na wiki nzima ya mbizi tatu kwa siku. Kama naitroksi ina nafuu yoyote ya uchovu, naona ni ndogo, na mahali pa kuitafuta ni mwishoni mwa wiki kama hiyo. Kwa mbizi mbili za Jumamosi sitamwambia mtu alipie gesi ili asichoke.

Uchovu wenyewe una vyanzo vingi vilivyo wazi. Mwili ukizama, damu iliyokuwa miguuni inasukumwa kifuani, moyo unahisi maji yamezidi, figo zinaanza kuyatoa. Ndiyo maana kila mtu anabanwa na mkojo ndani ya maji. Hewa ya mtungini ni kavu, kwa hiyo kila pumzi inaondoka na unyevu wako. Maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, na hata bahari yetu wakati wa kusi, ikiwa na nyuzi 25, inakunyonya taratibu bila wewe kutetemeka. Ongeza kuamka alfajiri, kidonge cha kichefuchefu ambacho aina nyingine zake huleta usingizi, na jua la botini. Mgeni akinilalamikia uchovu, kwanza namuuliza amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, kisha namwangalia anavyopanda. Asiyezidi mita 9 kwa dakika na akatulia dakika tatu kwenye mita 5 amejisaidia zaidi ya anavyodhani.

Kuna uchovu mmoja ambao sitaki mtu aufanyie mzaha. Ule usio wa kawaida, mzito kuliko kazi uliyofanya, hasa ukija na maumivu ya viungo, ganzi, madoa ya ngozi au kizunguzungu. Hiyo inaweza kuwa dalili ya maradhi ya mgandamizo, yanayoletwa na mapovu ya nitrojeni mwilini, na aliyevuta naitroksi anaweza kuyapata pia. Usiseme "mimi nilikuwa na naitroksi, nitalala tu." Vuta oksijeni safi, mwite daktari anayejua mambo ya kuzamia.

Na naitroksi ina sakafu yake, kina usichotakiwa kukipita. Oksijeni ikigandamizwa kupita kiasi inaleta degedege, na degedege chini ya maji maana yake ni kuzama. Mpaka tunaoutumia kwa mtungi wa 32 ni mita 33. Kwa wa 36 ni 28. Hewa ya kawaida ingekuruhusu kwenda chini zaidi.

Yule mgeni alirudi baada ya siku moja ya kupumzika. "Sasa Mwalimu, nilipie tena au niache?" Nikamuuliza mpango wake: siku tatu, mbizi mbili kila siku, mita 24 hadi 26. Nikamwambia alipie, aiache kompyuta kwenye hewa, na asahau habari ya uchovu. Safari hii alichukua mashine mwenyewe, akasimama juu ya mtungi mpaka tarakimu zikatulia: 31.8. Akabandua utepe wa zamani, akabandika mpya, akaandika 31.8, mita 33, tarehe, na jina lake.