Skrini kuu ni ipi? Kwa nini paneli hupotea kwenye Linux yenye skrini mbili

Skrini kuu ni ile ambayo mfumo wa kompyuta umeiwekea alama kwamba ndiyo ya kwanza. Mfumo usipopewa maelekezo mengine, mara nyingi menyu na saa hukaa hapo. Ukubwa wa kioo hauhusiki, wala haijalishi ipi iko mbele ya macho yako. Kompyuta haijui umekaa upande gani. Inachojua ni majina ya matundu yaliyochomekwa nyaya, na kati ya majina hayo moja ndilo limepewa ukuu.

Chukua duka la steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya. Skrini moja inamwelekea anayechapa, ya pili imegeuziwa kaunta ili mteja asome jina lake kwenye kadi ya harusi kabla halijachapishwa. Umeme unakatika, unarudi, kompyuta inawashwa, na paneli, yaani ule ukanda wenye menyu, saa na orodha ya madirisha yaliyofunguliwa, imehamia upande wa mteja. Au haionekani kabisa. Mwenye duka anaingiwa na hofu kwamba mafaili yamekwenda na maji. Fundi asiyeizoea Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, anamshauri mfumo ufutwe upakiwe upya. Ushauri huo unaniuma kila ninapousikia, kwa sababu mafaili yapo salama na paneli yenyewe haijafutwa. Imefungwa kwenye jina ambalo kwa wakati huo kompyuta hailioni, basi.

Tuanze na Xfce, mojawapo ya mazingira ya kazi ya Linux, yaani programu inayochora paneli, menyu na madirisha; mafundi wengi huiweka kwenye mashine za zamani kwa sababu ni nyepesi. Kila paneli yake ina mpangilio unaoitwa "Output", wenye machaguo ya aina tatu. "Automatic" huiacha paneli ikae pale ilipowekwa. "Primary" huifanya iifuate skrini kuu popote itakapokwenda. Aina ya tatu ni jina la tundu moja kwa moja, kwa mfano HDMI-1. Hii ya tatu ndiyo yenye mtego. Jina lisipopatikana, Xfce huificha paneli nje ya eneo linaloonekana na kungoja jina hilo lirudi.

Na majina hayo hubadilika kweli. Tundu lilelile la HDMI huitwa HDMI1 chini ya draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) ya zamani ya Intel, HDMI-1 chini ya draiva ya jumla inayotumika sana siku hizi, na HDMI-A-0 chini ya draiva ya AMD. Sasisho likibadilisha draiva, paneli inabaki kama barua iliyotumwa kwenye sanduku la posta lililobadilishwa namba. Sababu nyingine ni skrini yenyewe: nyingi zinazotumia DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, ukizizima kwa kitufe, kompyuta huhesabu kwamba umechomoa waya.

Kuona hali ilivyo, bonyeza Ctrl, Alt na T kufungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

xrandr --query

Tafuta mistari yenye neno connected. Unaweza kukuta hivi:

VGA-1 connected primary 1366x768+0+0
HDMI-1 connected 1920x1080+1366+0

Soma taratibu, maana habari yote iko hapo. Skrini kuu ni ile ya VGA. Upana wake ni nukta 1366, na imeanzia kona ya kushoto kabisa, ndiyo maana ya +0+0. Ile ya HDMI imepangwa kuliani kwake, inaanzia nukta ya 1366. Kama anayechapa anatumia ya HDMI, ukuu umekwenda kaunta. Urudishe:

xrandr --output HDMI-1 --primary

Amri hii hudumu mpaka utakapotoka kwenye akaunti tu. Ili ikae, weka alama hiyohiyo kwenye mipangilio ya skrini na uihifadhi. Kama paneli bado haijaonekana, andika xfce4-panel --preferences, dirisha la mipangilio litafunguka hata kama paneli imejificha, kisha chagua "Primary" kwenye "Output".

Kabla ya hayo yote, andika echo $XDG_SESSION_TYPE, ujue ni mfumo upi kati ya miwili, X11 (kwa kifupi X) wa zamani au Wayland mpya, unaochora picha kwenye skrini zako. Jibu likiwa x11, endelea. Likiwa wayland, amri ya xrandr haitakusaidia kuhamisha ukuu. Alama ya skrini kuu iliingizwa kwenye X mwaka 2009, kupitia toleo la 1.3 la RandR, sehemu ya X inayosimamia skrini, lakini itifaki ya msingi ya Wayland haina dhana hiyo. Kila mazingira ya kazi yanajipangia yenyewe. KDE Plasma, kuanzia toleo la 5.27 la mwaka 2023, hupanga skrini kwa kipaumbele: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. GNOME huweka upau wake wa juu kwenye skrini kuu peke yake, kwa hiyo ukiichagua upya kwenye mipangilio umemaliza. Cinnamon ya Linux Mint hukumbuka kila paneli kwa namba ya skrini, kuanzia 0, na mpangilio wa skrini ukibadilika paneli nayo inaweza kuhama.

Kuna anayependa kusimamisha paneli wima, katikati ya skrini mbili. Kwenye X11 simshauri. Mfumo huhesabu nafasi ya paneli kutoka kingo za nje za eneo zima la skrini zote mbili, kwa hiyo mpaka wa ndani kati ya skrini hautengewi nafasi, na madirisha yakipanuliwa huingia chini ya paneli. Iweke chini, au ukingo wa nje.

Kwa laptopu inayounganishwa na projekta, tuseme mwalimu wa Tukuyu anayehama darasa hadi darasa, skrini kuu iwe ile ya laptopu yenyewe, ambayo xrandr huiita eDP-1, au LVDS-1 kwenye mashine za zamani, na paneli iwekwe "Primary". Hapo projekta itabadilishwa, waya utabadilishwa, na menyu itabaki mbele ya mwalimu.