Cheni za Matairi ya Lori kwenye Theluji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayenunua cheni za lori kwa mara ya kwanza mara nyingi huzinyanyua kupima uzito wake, kisha huchagua zilizo nene kuliko zote kwa kuamini kwamba unene ndio ubora. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa pete nene huchelewa kulika, lakini unene hauwezi kufidia cheni isiyolingana na tairi, wala cheni isiyo na nafasi ya kuzunguka bila kugusa kitu. Maswali ya kwanza ya kujiuliza yanahusu lori lenyewe: tairi lake lina kipimo gani, ekseli ipi inazungushwa na injini, na kati ya tairi na vifaa vinavyolizunguka kuna nafasi kiasi gani.

Dhana inayofuata ni kwamba rimu zikilingana, cheni moja itatoshea matairi yote. Chukua matairi mawili yanayotumika sana kwenye malori, lenye maandishi 295/80R22.5 ubavuni (yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi) na lenye 315/80R22.5. Rimu ni ileile, lakini ukipiga hesabu, kipenyo cha la kwanza ni takriban milimita 1,044 na cha la pili ni takriban milimita 1,076, kwa hiyo mizunguko yao inatofautiana kwa sentimita 10 hivi. Cheni ya tairi kubwa ikifungwa kwenye tairi dogo, sentimita hizo hubaki zikining'inia, na gurudumu likishika kasi ncha iliyolegea huchapa madigadi na mipira ya breki hadi kuipasua. Cheni ya tairi dogo nayo haitafunga kwenye tairi kubwa, na kupunguza upepo ili ifunge ni kuliumiza tairi linalobeba mzigo mzito. Hata tairi la kipimo sahihi hupungua mzunguko kadiri kashata zake, yaani vinundu vya uso wake, zinavyolika. Ndiyo maana cheni mpya hujaribiwa kwenye tairi lenyewe, mahali pakavu na wakati wa mchana, wala si kwa mara ya kwanza usiku kando ya barabara iliyofunikwa na theluji. Katika jaribio hilo tazama pia upande wa ndani, kwenye springi na mabomba ya upepo, kwa sababu huko ndiko nafasi huwa finyu.

Wengi pia husema kwamba cheni zote hushika kwa namna moja. Cheni ya umbo la ngazi ina vipande vinavyokatiza uso wa tairi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Vipande hivyo huuma vizuri lori linapovuta au kufunga breki, lakini lori likianza kuserereka kiubavu, vinalala sambamba na mwelekeo wa kuteleza na kuzuia kidogo sana. Isitoshe, kati ya kipande na kipande tairi hukanyaga kwa mpira mtupu. Cheni yenye umbo la almasi hupitisha pete kwa mshazari, hivyo chuma hugusa barabara karibu muda wote na hushika pande zote. Kwa njia yenye kona nyingi na miteremko, ninaona hiyo ndiyo chaguo la busara ingawa huwa ghali zaidi. Pale ambapo barafu ngumu ndiyo kawaida, tafuta pete zilizochomelewa meno madogo ya chuma, ukijua kwamba meno hayo huisha upesi kwenye lami tupu.

Dhana ya hatari kuliko zote ni ile inayosema kwamba lori lililosheheni halihitaji cheni kwa sababu uzito wake hulishikiza chini. Uzito huongeza mshiko wa magurudumu yaliyo chini yake tu, ilhali nguvu inayohitajika kulipandisha au kulisimamisha lori huongezeka kwa uzito wote. Lori la tani 40 ambalo ekseli yake ya kusukuma imebeba tani 10, likiwa kwenye barafu yenye kipimo cha msuguano cha 0.1 (yaani mshiko ni sehemu moja ya kumi tu ya uzito ulio juu ya magurudumu), haliwezi kupanda mlima unaoinuka zaidi ya mita 2.5 kwa kila mita 100, hata injini iwe na nguvu namna gani.

Kutokana na hilo, wapo wanaoamini kwamba magurudumu ya kusukuma yakishavaa cheni kazi imekwisha. Sheria huchangia imani hii: Austria, kwa mfano, huyataka malori yanayozidi tani 3.5 yabebe cheni za angalau magurudumu mawili ya kusukuma kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili. Hicho ni kiwango cha chini. Kwenye mteremko, tela lisilo na cheni huweza kukisukuma kichwa cha lori kutoka nyuma hadi lori zima likajikunja, na cheni kwenye ekseli ya tela hupunguza hatari hiyo.

Cheni za kujifunga zenyewe, zinazorushwa chini ya gurudumu kwa kubonyeza kitufe ndani ya kabini, zinafaa kwa vipande vifupi vya barabara yenye utelezi. Kwa kuwa hutegemea mzunguko wa gurudumu, lori lililokwisha kukwama hazilisaidii sana, na theluji ikiwa nyingi hushindwa kujirusha.

Mwisho, cheni imara si ruhusa ya kukimbia. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa au chini ya hapo. Baada ya mwendo mfupi simama uzikaze upya, kwa maana huwa zimekaa sawa na kulegea. Lami ikionekana, zivue mahali salama, na ukifika zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe, kisha ukague pete moja baada ya nyingine kabla ya kuzirudisha kwenye sanduku.