Kapu la kilo 10: maswali na majibu kuhusu chakula na kifua kikuu, kutoka Jharkhand

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa TB ameisikia kauli hii: "Hizi dawa zinataka chakula." Mgonjwa huisema akiwa ameshika sahani tupu, wiki ya tatu au ya nne ya dozi, hamu ya kula ikiwa imerudi kwa kishindo na nyumbani hakuna cha kumwongezea. Agosti 2023, majarida ya The Lancet na The Lancet Global Health yalichapisha matokeo ya utafiti wa RATIONS uliofanyika jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India. Utafiti huo unaipa kauli ya wagonjwa uzito ambao ilistahili siku zote. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa kila ninapouzungumzia.

Walifanya nini hasa?

Madaktari Anurag Bhargava na Madhavi Bhargava wa chuo cha tiba cha Yenepoya, mjini Mangaluru, walishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kifua Kikuu ya Chennai pamoja na mpango wa taifa wa TB. Waliandikisha wagonjwa 2,800 wa TB ya mapafu katika wilaya 4, na watu 10,345 wanaoishi nao nyumba moja. Uandikishaji ulianza Agosti 2019, na ufuatiliaji ukaendelea hadi Julai 2022. Wengi wao ni watu wa jamii za asili za jimbo lile, kama Santhal, Ho na Munda, ambao umaskini umewakaa muda mrefu.

Kila mgonjwa alipewa kapu la kilo 10 kila mwezi kwa miezi 6, na wenye TB sugu kwa dawa walipewa kwa miezi 12. Ndani ya kapu mlikuwa na mchele kilo 5, unga wa dengu kilo 3, maziwa ya unga kilo 1 na nusu, mafuta ya kupikia nusu kilo, na vidonge vya vitamini na madini. Unga wenyewe huitwa sattu: dengu hukaangwa kavu mpaka zinukie, kisha husagwa. Hauhitaji moto tena. Unauchota, unaukoroga kwa maji na chumvi kidogo, unakunywa. Kwa mtu asiye na nguvu hata za kuwasha jiko, hicho ni chakula kilichofikiriwa vizuri. Kwa siku kapu lilimwongezea mgonjwa kilokalori 1,200 na protini gramu 52.

Kwa familia, maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu ya maeneo, kila mtu mzima wa nyumbani alipata mchele kilo 5 na jamii ya kunde kilo 1 na nusu kwa mwezi, na vidonge vya vitamini. Mtoto wa chini ya miaka 10 alipata nusu ya hapo. Katika nusu nyingine, familia hazikupewa kapu lao. Kapu lilikuwa la mgonjwa peke yake.

Matokeo yakawaje?

Katika familia zilizopewa chakula, watu 96 kati ya 5,621 walipata TB. Katika familia ambazo hazikupewa, walikuwa 122 kati ya 4,724. Ukipiga hesabu kwa njia ya kitakwimu, wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 39. Kwa TB ya mapafu iliyothibitishwa maabara, ile inayoambukiza zaidi, upungufu ulikuwa asilimia 48.

Naomba usome tena mstari huo. Hapakuwa na chanjo mpya wala dawa mpya. Wali na jamii ya kunde, kwa gharama ya kama dola 4 kwa mtu kwa mwezi, vilipunguza karibu nusu ya TB ya mapafu ndani ya nyumba ambazo tayari zina mgonjwa. Kwa hesabu ya watafiti, ukizilisha familia kama 30 hivi, unamwepusha mtu mmoja na ugonjwa.

TB si inaambukizwa kwa hewa? Chakula kinaingiaje hapo?

Kuambukizwa ni jambo moja, kuugua ni jingine. Mtu akikohoa chumbani, wadudu wa TB huingia kwenye mapafu ya anayelala naye. Kwa watu wengi kinga ya mwili huwazingira wadudu hao na kuwafungia, wakakaa kimya hata miaka mingi. Kati ya watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu wanaokuja kuugua maishani mwao. Kinachowafungia ni chembe za kinga, na chembe hizo hujengwa kwa protini na hufanya kazi kwa nishati. Mwili ukikosa chakula, ulinzi hulegea na wadudu huamka. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kila uwiano wa uzito na urefu (BMI) unaposhuka kwa alama 1, hatari ya kuugua TB hupanda kwa karibu asilimia 14.

Baada ya hapo ugonjwa wenyewe humla mgonjwa: homa za jioni, jasho la usiku, hamu ya kula kukatika. Njaa inaleta TB, TB inaleta njaa.

Hali ya wagonjwa wenyewe ilikuwaje?

Hapa ndipo penye uchungu. Zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 wa Jharkhand walianza dozi wakiwa na utapiamlo, na karibu nusu yao walikuwa na BMI chini ya 16. Ili uone maana yake: mtu mwenye urefu wa sentimita 160 anatakiwa awe na angalau kilo 47 na ushee. Chini ya 16 maana yake hafiki kilo 41. Miaka kadhaa kabla, Dk. Anurag Bhargava na wenzake walikuwa wamechapisha takwimu za wagonjwa 1,695 wa vijijini katika jimbo jirani la Chhattisgarh. Nusu ya wanawake walikuwa na kilo 34 au pungufu. Huo ni uzito wa mtoto wa darasa la tano, na tunazungumzia akina mama wanaobeba kuni na kulea.

Walipoanza kupata kapu, wagonjwa waliongezeka uzito, na walioongezeka mapema ndio waliopona vizuri zaidi. Mgonjwa aliyeongeza asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 2 ya kwanza alikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 61. Kwa mtu wa kilo 40, asilimia 5 ni kilo 2 tu.

Mbona zamani tuliambiwa TB ni vidonge, chakula si lazima?

Kauli hiyo nayo ilitoka India, tena mji uleule. Mwaka 1956 kilianzishwa kituo cha utafiti wa dawa za TB mjini Madras, ambao leo ni Chennai, na kituo hicho ndicho kilichokua kikawa taasisi ya taifa niliyoitaja hapo juu. Walichukua wagonjwa 193. Nusu wakatibiwa kwenye sanatoria, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa TB kwa muda mrefu, yenye kitanda na mlo mzuri, nusu wakatibiwa majumbani mwao katika umaskini wao. Matokeo yaliyotoka 1959 yalionyesha kwamba wa nyumbani walipona karibu sawa na wa sanatoria, ingawa walikula vibaya zaidi na waliongezeka uzito kidogo.

Utafiti ule uliokoa maisha mengi. Ulizifungua nchi maskini zikatibu TB bila kujenga sanatoria, na ndio uliotangulia majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yaliyosaidia kutupa dozi ya miezi 6 tunayoitumia hadi leo. Lakini watu waliusoma kupita kipimo. Ulithibitisha kwamba dawa huua wadudu hata kwa asiyekula vizuri. Haukusema kwamba mtu aliyekonda mpaka mifupa yuko salama, wala haukujibu kama chakula kinaweza kuwakinga wanaoishi naye. Swali hilo lilisubiri zaidi ya miaka 60.

Basi akila vizuri anaweza kuacha dawa?

Hapana. Kila mgonjwa wa Jharkhand alikuwa kwenye dozi kamili. Anayeacha dawa kwa sababu amenenepa anawapa wadudu nafasi ya kujenga usugu.

Utafiti huu hauna kasoro?

Una mipaka, na ni vizuri kuijua. Watafiti hawakukubali kumnyima chakula mgonjwa yeyote, na nawaheshimu kwa hilo. Kwa hiyo, upande wa wagonjwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Huenda baadhi ya walionenepa mapema walikuwa na ugonjwa mwepesi tangu mwanzo, na uzito ukawa dalili ya kupona kuliko sababu yake. Upande wa familia ushahidi una nguvu zaidi kwa sababu kulikuwa na kundi la pili, ingawa kila aliyehusika alijua nani anapewa na nani hapewi. Tena UVIKO-19 ulipoingia, serikali ya India iligawa nafaka ya ziada kwa kaya maskini, kwa hiyo hata wasio na kapu walipata kidogo.

"Mume wangu ameanza dozi wiki iliyopita. Ninauza vitumbua, nyama siimudu. Nifanyeje?"

Pole sana, dada yangu. Anza na hili: kapu la Jharkhand halikuwa na nyama hata kipande. Nguvu yake ilikuwa kwenye dengu na maziwa. Kwetu kuna maharage, choroko, kunde, karanga na dagaa. Kuna pia mbaazi, zilezile zinazovunwa Lindi na Mtwara na kusafirishwa India kupikwa dali. Twanga karanga ukorogee kwenye uji, na ongeza kijiko cha mafuta kabla ya kuepua. Mgonjwa mwenye kichefuchefu mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, badala ya sahani moja kubwa inayomtisha.

Usikate cha watoto ili umlishe baba yao. Najua ndivyo mapenzi yanavyotusukuma, lakini wao ndio wanaolala chumba kimoja naye, na utafiti huu unahusu hasa wao na wewe. Wapeleke kituo cha afya wakachunguzwe. Wasio na ugonjwa wanaweza kupewa dawa za kinga. Ukiona miguu yake inaingia ganzi, mwambie mhudumu, kwa kuwa moja ya dawa za TB huvuruga vitamini B6 mwilini na tiba yake ipo.

Poda za bei mbaya zinazotangazwa kwa wagonjwa wa TB, achana nazo. Fedha hiyo nunua maharage.

India yenyewe imefanyia kazi matokeo haya?

Kwa kiasi. India ina zaidi ya robo ya wagonjwa wapya wote wa TB duniani. Tangu 2018 serikali yake humtumia kila mgonjwa rupia 500 kwa mwezi za chakula, na Novemba 2024 ikaongeza zikawa 1,000. Kapu la mgonjwa lilikuwa kama rupia 1,100, kwa hiyo wamekaribia. Wanakaya ndio ambao bado fedha hiyo haiwahesabu. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na wizara zetu zingefaa kulisoma kapu hili kama zinavyosoma orodha ya dawa.

Kliniki niulize nini?

Uliza uzito. Kila anapokwenda kuchukua dawa apimwe, na kilo ziandikwe kwenye kadi mbele yenu. Avue viatu na koti, atoe simu mfukoni, na apimwe kwenye mzani uleule kila mara. Miezi 2 ikipita na kilo hazijapanda, usisubiri mwezi wa tatu. Mwambie mhudumu siku hiyohiyo, kabla hajafunga faili.