Kwa nini sifongo ya kuogea haiozi, ilhali ni mabaki ya mnyama?

Sifongo asilia ya kuogea, kama zile zinazolimwa na wanawake wa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, ni kiunzi cha mnyama wa baharini. Baada ya kuvunwa, seli zake huachwa zioze, kisha kiunzi hukamuliwa na kuoshwa tena na tena mpaka usalie mtandao wa nyuzi laini. Mbona basi mwili umeoza na nyuzi zimebaki?

Nyuzi hizo ni za sponjini, protini iliyo jamii moja na kolajeni, ambayo ndiyo inayoipa ngozi na kano zetu uimara. Lakini kolajeni yetu ikichemshwa huyeyuka na kuwa jelatini, ilhali sponjini haiyeyuki katika maji, na vimeng'enya vingi vinavyovunja protini nyingine huishindwa. Isitoshe, imeshikamana na madini ya iodini na bromini, na hili lina historia yake: kabla daktari Coindet wa Geneva hajaanza kutibu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa iodini yenyewe mwaka 1820, waganga wa Ulaya walikuwa wamewapa wagonjwa wao majivu ya sifongo kwa karne nyingi, bila kujua kilichokuwa kikiwaponya.

Si kila sifongo inayofaa kusugulia mwili. Spishi nyingi huimarisha kiunzi chao kwa vijiba vya silika, yaani madini yaleyale yanayounda kioo, na hata vijiba hivyo huanza kujengwa juu ya uzi mwembamba wa protini uitwao silikateini, uliotambuliwa mwaka 1998. Sifongo za kuogea hazina vijiba, na ndiyo sababu hazichubui ngozi.

Linalonistaajabisha zaidi ni kitini, kemikali inayojenga magamba ya kamba na kaa, ambayo kwa muda mrefu haikudhaniwa kuwamo katika viunzi vya sifongo. Mwaka 2007 Hermann Ehrlich na wenzake walionyesha kwamba sifongo wa oda ya Verongida, yaani kundi moja la spishi zenye nasaba, wanayo katika nyuzi zao, na mwaka 2013 wakaripoti kuwa wameikuta ingali imehifadhika katika kisukuku cha sifongo Vauxia gracilenta kutoka miamba ya Burgess Shale nchini Kanada, chenye umri wa miaka ipatayo milioni 505.