Kibali cha ujenzi ni kitu gani hasa?

Neno "kibali" limebeba mizigo miwili. Kanisani unaombewa upate kibali machoni pa watu, yaani wakupende na wakufungulie milango. Ukitoka hapo ukaenda manispaa kuomba kibali cha ujenzi, maana ile ya kwanza inakufuata hadi dirishani. Unajikuta umevaa shati la sikukuu na umepanga maneno ya unyenyekevu, kana kwamba ndani kuna mkubwa atakayekutazama usoni aamue kama unastahili nyumba. Watu wengi wa Dar es Salaam ninaowajua wanakichukulia hivyo, kama hisani. Na ukishaona jambo ni hisani, hatua inayofuata ni kutafuta "mtu wa ndani".

Kisheria kibali cha ujenzi ni jibu la maandishi kwa swali moja: jengo hili, lililochorwa hivi, linaruhusiwa kusimama kwenye kiwanja hiki? Shika maneno hayo matatu, hili, hivi na hiki, maana karibu kila mkanganyiko unaotokea mjini unatokana na mtu kusahau mojawapo. Anayekaguliwa ni mchoro. Wewe mwombaji unaingia tu kama mwenye kiwanja.

Anayejibu ni halmashauri ya eneo lako. Dar es Salaam ni mkoa mmoja wenye halmashauri tano, kwa hiyo swali la kwanza ni kiwanja kipo upande wa nani. Chanika ni Halmashauri ya Jiji, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka mwaka 2021. Bunju ni Kinondoni, Mbagala ni Temeke, Goba ni Ubungo, Kibada ni Kigamboni. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka kila anayetaka kuendeleza ardhi katika eneo la mipango miji apate ridhaa ya mamlaka hiyo kabla ya kuanza. Kabla. Si baada ya kufika kwenye lenta.

Sasa tutenganishe karatasi tatu ambazo watu huziweka kwenye bahasha moja na kuziita jina moja.

Ya kwanza ni hati, au barua ya toleo kwa ambaye hati yake haijatoka. Hiyo inasema ardhi ni ya nani, kwa muda gani na kwa matumizi gani. Haisemi chochote kuhusu nyumba yako ya vyumba vinne. Ya pili ni karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo inaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi, basi. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa maana, ukianza kujenga bila kumpa taarifa utakuwa umekosa adabu, lakini hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Nimesikia mara nyingi, "Mwenyekiti kasema nijenge tu." Mwenyekiti hakuzuia, na kutozuia ni kitu kingine. Ya tatu ndiyo kibali chenyewe, na hutoka kikiwa kimeambatana na michoro iliyogongwa mhuri wa halmashauri. Ukikitenganisha na michoro ile, kimebaki karatasi.

Mchoro wenyewe nao unahitaji maelezo, kwa sababu mtaani tunaita "ramani" kitu chochote chenye vyumba. Ramani ya kwenye simu, yenye picha ya nyumba nzuri na gari mbele, haitoshi. Manispaa inataka kuona mpangilio wa vyumba, sura ya jengo kwa kila upande, mkato unaoonyesha urefu toka msingi hadi paa, mchoro wa msingi na wa paa, na zaidi ya vyote mchoro wa kiwanja: nyumba imekaa wapi ndani ya mipaka, geti liko wapi, karo, yaani shimo la maji ya choo, liko wapi, barabara iko upande gani. Jina la mwenye kiwanja, namba ya kiwanja na jina la aliyechora lazima viwepo.

Mimi yangu ilirudishwa. Niliwaka. Nilihisi wanataka "chai", na kwa wiki nzima nilimsimulia kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Siku nilipotulia nikasoma alama za kalamu zilizowekwa juu ya mchoro, nikakuta geti langu linatazama ukuta wa jirani. Mchoraji alikuwa amechukua ramani aliyomchorea mtu mwingine, akafuta jina na kuandika langu. Kiwanja cha yule kilikuwa na barabara kushoto, changu kina barabara kulia. Karo nalo lilikuwa limegusa mpaka kabisa. Afisa hakuwa na shida na mimi hata kidogo.

Hilo la karo watu hulidharau, kumbe ndilo linalogusa majirani kuliko rangi ya mabati. Nyumba nyingi za Dar hazijaunganishwa na bomba la majitaka, maji ya choo yanaishia kwenye shimo uani. Na nyumba nyingi hizo hizo, au jirani zake, zina kisima. Ndiyo maana faili lako linapita kwa afisa afya: anatazama umbali kati ya shimo na kisima, kama gari la kunyonya litafika, kama vyumba vina madirisha ya kupitisha hewa. Afisa ardhi anatazama umiliki na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Afisa mipangomiji anatazama matumizi na nafasi. Mhandisi anatazama uimara, na kwa ghorofa anataka michoro ya uhandisi yenye nondo, nguzo na mihimili, ambayo fundi wa mtaani, hata awe mzoefu vipi, hawezi kuipigia hesabu kwa jicho. Majengo makubwa au ya watu wengi yanapita pia kwa Zimamoto.

Kuhusu nafasi, kuna maneno mawili utakayokutana nayo. Moja ni umbali wa kuacha toka mpakani, mbele, nyuma na pembeni. La pili ni kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo. Tuseme una kiwanja cha mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500, na eneo lako linaruhusu kufunika nusu. Nyumba, banda la uani na kibanda cha mlinzi kwa pamoja visizidi mita za mraba 250. Wengi wanahesabu nyumba kubwa tu, wanasahau banda.

Hapo mbele, pale palipoachwa wazi kwa kufuata kibali, ndipo fremu za maduka huota. Nyumba imepata kibali, imejengwa, mwaka wa tatu mwenye nyumba anaongeza fremu tatu zinazotazama barabara, moja ya mpesa, moja ya saluni, moja ya vipuri. Ukimuuliza atakuambia ana kibali. Anacho, cha nyumba. Kwa fremu hana kitu, na kama hati yake inasema makazi, angepaswa kwanza kuomba kubadili matumizi ya ardhi, ambalo ni ombi jingine kabisa. Vivyo hivyo kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyoidhinishwa kuwa ya chini. Ukibadili mchoro bila kurudi kuuidhinisha, macho ya sheria yanakuona sawa na jirani aliyejenga bila kuomba.

Kuna mahali jibu litakuwa hapana, hata uchorewe na mbunifu bora nchini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande toka katikati ya barabara. Ziko barabara zenye hifadhi pana zaidi ya hiyo, kama ya Morogoro, na waliokuwa Kimara mwaka 2017 wanakumbuka zile alama za X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufukwe. Bonde la Msimbazi limo humo. Kiwanja cha bei ya kutupwa karibu na mto kina sababu ya kuwa cha bei hiyo.

Na wale wa Manzese, Tandale, Vingunguti? Hapa ni lazima niseme ukweli: utaratibu huu uliandikwa ukimfikiria mtu mwenye kiwanja kilichopimwa, wakati sehemu kubwa ya jiji imeota kabla mpima hajafika. Leseni ya makazi ilikuja kuwapa watu hao utambuzi wa kisheria, na urasimishaji ukafuata kupima maeneo yao. Kama mtaa wako umesharasimishwa na kiwanja kina namba, una pa kuanzia. Kama bado, kumwambia mtu aende tu akaombe kibali ni kumchezea. Anachoweza kuuliza kwanza ni mchoro wa mipangomiji wa mtaa wake umefika wapi, na kama nyumba yake imo ndani ya njia iliyochorwa humo.

Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, na ada inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Malipo yasiyo na namba hiyo ni zawadi uliyompa mtu. Ombi likikataliwa au likirudishwa, taka sababu kwa maandishi. Sababu ya mdomo huwezi kumpelekea mchoraji akairekebisha.

Kibali kikitoka, soma masharti yaliyoandikwa ndani. Kina muda, na kukaa nacho kabatini miaka mingi ukisubiri fedha za tofali kunaweza kukurudisha mwanzo. Kinataka pia halmashauri ijulishwe ili ukaguzi ufanyike kwa hatua, hasa kabla zege la msingi halijamwagwa, kwa kuwa baada ya hapo nondo hazionekani tena. Mwezi Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo, Jumamosi asubuhi, maduka yakiwa wazi.

Nakala ya michoro yenye mhuri ikae kiwanjani, si nyumbani chini ya godoro. Mkaguzi ataihitaji, na utaihitaji wewe siku fundi atakapokuambia, "Bosi, hiki choo tukisogeze kidogo huku."