Mteja Akilipa Nusu, Usiandike Mauzo Mapya

Mhandisi mshauri amemaliza kazi ya mteja hapa Tanzania, akamtumia ankara ya shilingi 2,000,000. Baada ya wiki mbili ujumbe wa benki unaingia kwenye simu: 950,000. Mwezi unaofuata, 950,000 nyingine. Karani wake anafungua programu ya hesabu na kuziandika zote mbili kwenye mapato. Si ni fedha zimeingia?

Kwenye dawati letu la ushauri, kosa hili ndilo tunalokutana nalo sana, na linaniuma kwa sababu linawaumiza watu wanaojitahidi kutunza vitabu. Siku ankara ilipotolewa, programu ilishaandika mapato ya 2,000,000 na kumweka mteja kwenye orodha ya wadaiwa. Ukiongeza 1,900,000 juu yake, kazi moja inaonekana imeingiza 3,900,000. Mteja naye anasomeka hajalipa hata shilingi, na utampigia simu kumdai. Kama biashara ni kampuni, unajikuta unakadiria kodi ya asilimia 30 juu ya faida ambayo haipo.

Fungua ankara ileile, nenda kwenye sehemu ya kupokea malipo, jaza kiasi, tarehe na namba ya muamala. Kwa malipo ya kwanza deni litashuka hadi 1,050,000, mapato yatabaki yalivyo. Ankara yenyewe usiiguse. Kuipunguza ilingane na kilicholipwa ni kufuta deni lako kwa mkono wako. Programu ya hesabu ya Odoo, kwa mfano, ikiona pungufu inauliza kama ankara ibaki wazi au ihesabiwe imelipwa yote. Iache wazi. Ukichagua lile la pili, tofauti inahamishiwa kwenye akaunti nyingine na hutakumbushwa tena kuidai.

Malipo yaliyotangulia ankara ni jambo jingine: hayo ni amana ya mteja mpaka ankara ya kazi itakapotolewa.

Sasa itazame ile 100,000 iliyobaki baada ya malipo yote mawili. Wengi huiita deni sugu. Mara nyingi si deni: mteja amekata kodi ya zuio, yaani sehemu ya kodi yako ambayo mlipaji huikata kabla ya kukulipa. Ni asilimia 5 ya ada ya huduma, yaani 50,000 kwenye kila fungu la 1,000,000. Anatakiwa kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa hiyo pale unapoandika 950,000, andika pia 50,000 kwenye akaunti ya kodi ya zuio unayodai (si unayodaiwa), zote dhidi ya ankara hiyohiyo. Ikifika awamu ya pili ankara inafungwa kwa sifuri.

Ila mdai mteja hati ya zuio kwa kila malipo, na uiambatishe kwenye muamala ndani ya programu siku hiyohiyo. Wakati wa ritani ya mwaka, hati hizo ndizo zitakazopunguza kodi yako kwa 100,000.